Thahu Ndogo: Jinsi ya Kuandaa Apizo la Kudhoofisha kwa Mchezo wa Mezani

Ukiendesha mchezo wa kuigiza wahusika mezani, maapizo makubwa hayatakusumbua sana. Joka likitema moto, kila mtu anashtuka, dadu zinarushwa, mhusika anakufa au anapona, na hadithi inasonga mbele. Kazi ngumu iko kwenye apizo dogo: lile linalompunguzia mhusika nguvu kidogo tu na kumwacha hai, anatembea, anaongea, ila mwili hauko sawa. Likiandaliwa vibaya, husahaulika kabla chai haijapoa. Likiandaliwa vizuri, hubeba jioni nzima, na wiki ijayo wachezaji wako bado watakuwa wanalizungumzia.

Mwongozo huu ni wako wewe unayekusanya marafiki wanne watano pale Wamagana, Nyeri, iwe ni sebuleni, kwenye chumba cha nyuma cha duka, au katika darasa lililoachwa wazi Jumamosi mchana, na unataka mchezo wenu utokee kwenye matuta mnayoyajua badala ya misitu ya Ulaya. Nitakuonyesha namna ya kutengeneza apizo moja dogo kutokana na kitu ambacho watu wa Nyeri walikijua kwa karne nyingi, yaani thahu. Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: amua kwanza apizo litaondokaje, ndipo uamue litaingiaje. Wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo maapizo yao hufa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Dungeons & Dragons ulichapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, na watungaji wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja ni msimulizi, ndiye anayeeleza dunia ilivyo na kuwasemea wote wanaokutwa njiani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na penye shaka dadu inaamua, mara nyingi ile ya pande 20. Unajumlisha uwezo wa mhusika, na ukifikia namba iliyowekwa umefaulu. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano zimetolewa kwa leseni huria. Kwa hiyo unaweza kuzitumia, kuzitafsiri, hata kuchapisha kijitabu chako juu yake, mradi utaje zilikotoka.

Vitabu vya mchezo huo vina maapizo madogo ya kudhoofisha, na inafaa kuyatazama kabla ya kuandika lako. Liko linaloitwa Bane: watu hadi watatu wanapunguziwa namba ya dadu ya pande nne kila wanaposhambulia au kujikinga, kwa muda usiozidi dakika moja. Liko Ray of Enfeeblement la toleo la 2014: aliyepigwa nalo anaumiza nusu tu ya kawaida kwa silaha zinazotumia nguvu za mkono, na kila mwisho wa zamu yake anajaribu kujinasua. Toleo la zamani kidogo lilikuwa na Touch of Fatigue, mguso unaomchosha mtu asiweze kukimbia, na nguvu na wepesi wake vinashuka kwa mbili.

Yote matatu yanafanya kazi kwenye mapigano, na yote yana kasoro moja: yanaisha yenyewe. Dakika moja ndani ya hadithi ni zamu kumi za vita, na vita vingi mezani havifiki hata zamu tano. Mchezaji anajua akivumilia kidogo mambo yatapita. Halafu Ray of Enfeeblement haimgusi kabisa mpiga upinde wala mganga, kwa hiyo nusu ya kikundi haina sababu ya kulijali. Bane nayo husahaulika kwa sababu ya kawaida sana: mtu anarusha dadu, anafurahia 14 yake, hakumbuki kutoa kitu, na msimulizi naye ana mambo sita kichwani.

Sasa tuje nyumbani.

Katika jamii ya Wakikuyu, thahu ni hali ya unajisi inayomwingia mtu. C. W. Hobley, mtawala wa kikoloni aliyekusanya habari za imani za Wakikuyu na Wakamba na kuzichapisha katika kitabu cha 1922, aliorodhesha visababishi vyake kwa kirefu. Kugusa maiti kulileta thahu. Fisi akiacha kinyesi chake ndani ya boma, ni thahu. Ubao wa kando ya kitanda ukivunjika, aliyekuwa amelala juu yake alihitaji kutakaswa. Mtu mwenye thahu alianza kukonda, kudhoofika, pengine kutokwa na majipu, na asipotakaswa ilisemekana hali ingeweza kumfikisha kaburini. Jomo Kenyatta naye, katika Facing Mount Kenya ya 1938, anatoa sura nzima kwa uganga na tiba, na anaeleza kwamba utotoni alifuatana na babu yake aliyekuwa mganga, akimbebea mkoba wa vifaa vyake. Padre Cagnolo wa shirika la kimisionari la Consolata alichapisha kitabu chake kuhusu Wakikuyu hapo hapo Nyeri mwaka 1933. Ukiweza kuvipata, visome vyote vitatu ukikumbuka nani aliandika nini na kwa nini: Hobley alikuwa akitawala watu aliowaandika, Cagnolo alikuwa akiwabatiza, na Kenyatta alikuwa London akiwatetea. Bado, kwa msimulizi wa mchezo, ni hazina.

Tazama jinsi thahu ilivyo tofauti na apizo la vitabuni. Kwanza, mara nyingi hakuna adui. Kitanda kimevunjika tu. Fisi amepita usiku. Hakuna mchawi wa kumfukuza, hakuna jicho baya la kulipiza, kwa hiyo wachezaji hawawezi kulimaliza tatizo kwa kuchomoa panga. Pili, haiishi yenyewe. Inakaa na kuongezeka. Tatu, na hili ndilo lililonifanya niipende, mtu hakuiondoa peke yake. Nyingine ziliondolewa na wazee, na zile nzito zilihitaji mundu mugo, mganga na mwaguzi wa jamii, pamoja na mbuzi au kondoo. Mgonjwa alilazimika kurudi kwa watu, kusema lililompata, na kugharamika.

Hayo matatu ndiyo mifupa ya apizo letu. Nyama tutaiweka sisi, na nitakuambia kila ninapotoka kwenye mila na kuingia kwenye kanuni za mchezo, ili usije ukamwambia mtu kwamba babu zake walifanya jambo ambalo limebuniwa mezani.

Chukua njahi. Zile nyeusi zenye mstari mweupe, zinazouzwa kwa kipimo cha mkebe kila soko la Nyeri. Weka konzi moja kwenye bakuli katikati ya meza. Mhusika akipatwa na thahu, mchezaji wake anarusha dadu ya uvumilivu wa mwili akitafuta 11 au zaidi. Akifaulu, unaweka njahi moja mbele yake. Akishindwa, mbili. Hakuna kutoka mikono mitupu, kwa sababu apizo dogo linaloshindwa kabisa kuingia limekula muda wa watu bure. Kila njahi ni kupunguza moja katika kila jambo la mwili: kupanda, kubeba, kukimbia, kuogelea, kupigana, kukesha. Maneno, kumbukumbu, busara na ucheshi haviguswi. Mhusika aliyedhoofika lazima abaki na la kufanya, la sivyo mchezaji wake atakaa anachezea simu.

Njahi zinatibu kile kilichoiua Bane. Ziko mbele ya mtu, anaziona, jirani yake anaziona, na mkono unaporusha dadu unapita karibu nazo. Hutahitaji kumkumbusha mtu. Zaidi ya hilo, mwenzake ndiye atakayemkumbusha, na hapo tayari kikundi kimeanza kumjali mgonjwa.

Kwa nini kupunguza moja moja, badala ya ile adhabu maarufu ya kurusha dadu mara mbili na kuchukua ndogo? Fanya hesabu. Kwa dadu ya pande 20, anayetafuta 11 anafaulu mara 50 kwa 100. Njahi mbili zinamshusha hadi 40. Amehisi, lakini bado ana sababu ya kujaribu. Ukimlazimisha arushe mara mbili na kuchukua ndogo, anashuka hadi 25. Na aliye dhaifu tangu mwanzo, yule anayehitaji 16, anaporomoka kutoka 25 hadi 6 na kidogo, huku shujaa anayehitaji 6 tu akishuka kutoka 75 hadi 56. Yaani adhabu hiyo inamkata mnyonge robo tatu ya nafasi yake, na mwenye nguvu robo moja tu. Kwa apizo dogo hiyo si haki. Njahi moja inakata asilimia tano kwa kila mtu, basi.

Kama hamna dadu ya pande 20, na wengi hawana, ziko njia mbili. Ya kwanza ni vikaratasi 20 vyenye namba ndani ya kopo. Unachomoa, unasoma, unarudisha, unatikisa. Matokeo ni yale yale. Ya pili ni dadu mbili za ludo kwa pamoja, mkitafuta 7. Hapo uwe mwangalifu: nafasi ya kupata 7 au zaidi ni 58 kwa 100, njahi moja inaishusha hadi 42, na ya pili hadi 28. Dadu mbili zinauma kuliko moja. Mkicheza kwa ludo, anza na njahi moja hata kwa aliyeshindwa, na usipite mbili.

Sasa kukua kwake. Kila mara mhusika anapolala usiku bila kumwambia mwenzake yeyote lililompata, njahi moja inaongezwa asubuhi. Hii ni kanuni yetu ya mchezo. Sijaitoa kwenye kitabu cha mila. Lakini inafuata roho ya jambo: thahu iliyofichwa hukua. Kikomo ni nne. Kwenye ya nne mhusika hafi. Anashindwa kubeba mzigo wala ngao, na hawezi kutembea zaidi ya nusu siku bila kupumzika. Usimuue mtu kwa apizo dogo. Mchezaji aliyepoteza mhusika wake kwa sababu kitanda kilivunjika hatarudi Jumamosi ijayo, na atakuwa na haki.

Mnakaa kwenye nchi inayosaidia hadithi ya namna hii, itumie. Magharibi yenu kuna Nyandarua, mashariki Kirinyaga yenye mita 5,199, na Wamagana imekaa kwenye matuta yaliyokatwakatwa na mito. Mwezi wa Julai ukungu unashuka mpaka kwenye majani chai, na mtu mwenye afya njema kabisa anaamka na mwili mzito. Weka hadithi yenu kabla ya reli na kabla ya wazungu. Kuna wawindaji wa asali msituni, kuna Agumba, wale watu wafupi ambao masimulizi ya Wakikuyu yanasema waliishi kwenye mashimo, kuna irimu, yaani zimwi, wa ngano za jioni. Umbali wa tuta moja hadi jingine, kwa macho, ni mfupi. Kwa miguu ni kushuka bondeni, kuvuka mto, na kupanda tena. Hapo ndipo kupunguziwa mbili kunapoonekana. Mhusika aliyedhoofika kwenye uwanda tambarare hajui amepungukiwa na nini.

Nikuonyeshe linavyokwenda. Wahusika watatu wanatoka msituni na mizigo ya asali: mwindaji, mhunzi, na msichana anayejua njia. Mvua inawakuta, giza linaingia, wanaona nyumba iliyoachwa, paa limezama upande mmoja. Mwindaji anasema atalala ndani, wenzake wanalala chini ya mti wakijifunika ngozi. Asubuhi, unamwambia mchezaji wa mwindaji peke yake, kwa kikaratasi, kwamba pembeni mwa jiko kulikuwa na mifupa ya mtu. Nyumba aliyofia mtu iliachwa. Kila mtu wa nyakati hizo alilijua hilo, na mhusika wake analijua. Anarusha dadu: 8. Unasukuma njahi mbili mbele yake bila kusema neno. Wenzake wanatazama njahi, wanamtazama yeye. Anaweza kusema. Anaweza kunyamaza.

Mara nyingi watu hunyamaza, na ni vizuri.

Wanafika Mto Gura, unaoshuka Nyandarua kwa kasi, na mvua ya usiku imeujaza. Mwindaji ndiye mwenye nguvu, ndiye atakayeshika kamba. Anahitaji 11. Dadu inasimama kwenye 12. Mezani kuna kelele ya furaha, kisha mkono wa mhunzi unanyooshwa na kidole kinagusa njahi. Moja. Mbili. Kumi. Kamba inateleza, msichana anazama hadi kifuani, mtungi mmoja wa asali unakwenda na maji. Hapo usiharakishe. Mwache mchezaji wa msichana aulize, kwa sauti ya mhusika wake, "Kaka, una nini leo?" Swali hilo, likitoka kwa mchezaji mwenzake badala ya kutoka kwako, ndilo ulilokuwa unalitafuta tangu mlipoketi.

Kuondoa thahu ndiko kunakostahili muda wako mwingi. Katika mila, mundu mugo aliandaa mahali kwa dawa na maji, mara nyingi kishimo kidogo kilichotandikwa jani la mgomba, na vilivyomo tumboni mwa mnyama aliyechinjwa vilitumika katika kutakasa. Mgonjwa alionja na kutema, akionja na kutema, huku mganga akiyataja maovu yanayotoka. Kazi hiyo iliitwa kwa neno lenye maana ya kutapisha. Maovu yalitamkwa kwa sauti mbele ya watu, yakatoka.

Mezani mtafanya hivi. Hatua ya kwanza ni kusema: mhusika akiwaeleza wenzake ukweli wa kilichotokea, njahi moja inarudi bakulini hapo hapo. Hatua ya pili ni safari ya kumtafuta anayeweza kutakasa, na gharama yake. Usiifanye gharama kuwa sarafu. Iwe kitu ambacho kikundi kilikuwa na mpango nacho. Kondoo waliyetarajia kumpeleka kwenye mahari. Mtungi wa asali uliobaki. Hatua ya tatu ni kutakaswa kwenyewe. Wewe unakuwa mundu mugo, na wachezaji wakusemeshe kwa heshima inayomfaa mzee: "Guka, tumekuja, ndugu yetu hayuko sawa." Muulize mgonjwa alilala wapi, alikula na nani, alimficha nani. Kisha kila mwenzake ataje jambo moja zito walilopitia pamoja tangu safari ianze. Kwa kila jambo, mchezaji wa mgonjwa anajibu, "Natapika," anachukua njahi moja na kuitupa kwenye kopo tupu. Isigonge bakuli la kwanza. Njahi zinazotolewa kwa kutakaswa hazichanganywi na nyingine mpaka mchezo uishe.

Kutaja mambo mazito ni nyongeza yangu kwa ajili ya meza. Katika mila aliyetaja ni mganga. Nimeiweka kwa sababu inawafanya watu wote wafanye kazi, na kwa sababu kikundi kinajikumbusha hadithi yake chenyewe. Mchezaji aliyekuwa kimya jioni nzima atakumbuka jambo ambalo wewe msimulizi umelisahau. Liandike, utalitumia.

Kama jioni ni fupi, acha safari. Mzee wa boma lolote anaweza kuondoa thahu nyepesi ya njahi moja, kwa maneno na kwa chakula kinacholiwa pamoja. Ya njahi mbili na kuendelea iwe ya mundu mugo.

Waaguzi wa Kikuyu walikuwa na mwano, kibuyu chenye mbegu na vijiwe vya kuhesabia, walivyovimwaga na kuvihesabu ili kusoma jibu. Mchezaji wako mmoja atapendekeza mtumie kibuyu cha kweli badala ya kopo. Kama ni kibuyu cha kuwekea uji, sawa. Kama kuna nyumba yenye kibuyu kilichorithiwa kutoka kwa mwaguzi, kiache kilipo. Vitu vya kazi ya mtu, hata kama amekufa miaka 60 iliyopita, haviletwi mezani kuchezewa, na nyumba nyingi za huko kwenu bado zinajua tofauti hiyo vizuri.

Kuna mambo mengine matatu ambayo nakuomba uyachukue kwa uzito.

La kwanza: usitumie mchawi aliye mfano wa mtu. Ukianza kumpa adui wako sura ya bibi kizee anayekaa peke yake karibu na kichaka, mezani kila mtu atamjua unayemzungumzia, hata usipomtaja. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, lakini sheria haijazuia umati. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuisisitiza thahu kuliko uchawi: thahu haihitaji mtuhumiwa. Vijana wanaozoea, kwa miezi, hadithi ambayo ugonjwa unatoka kwa kitanda kilichovunjika na dawa yake ni kukaa pamoja, wanazoea jambo jema zaidi kuliko wale wanaozoea kumsaka bibi.

La pili: acha kiapo. Utavutiwa nacho, maana nguvu yake katika hadithi ni kubwa, na unaishi katika nchi alikozaliwa Dedan Kimathi. Lakini viapo vya wakati wa Mau Mau, na mateso yaliyofuata baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, ni historia ya bibi na babu za hao hao walioketi nawe. Wapo waliokula kiapo, wapo waliokataa, wapo waliolazimishwa, na ndani ya nyumba moja watu hawakuwa upande mmoja. Thahu ya fisi haifumui kidonda cha mtu. Kiapo kinaweza, na hutajua mpaka mtu anyamaze na kuondoka.

La tatu ni wazazi na kanisa. Mzazi akisikia kwamba watoto wanakutana kucheza maapizo, atakuwa na hofu, na hofu hiyo ina historia. Marekani miaka ya 1980 mchezo huu ulishutumiwa sana kwamba unawapeleka vijana kwa shetani. Kwetu, mwaka 1994 rais aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikafikishwa bungeni 1999. Watu wazima wa mji wako wanakumbuka gumzo la wakati huo. Kwa hiyo usicheze mahali pa kujificha. Mlango uwe wazi. Mwalike mzazi au mwalimu wa shule ya Jumapili akae nusu saa; mpe njahi tatu azishike na amwone kijana wake akihesabu, akijadiliana, akimtetea mwenzake. Mweleze kwamba hakuna anayeombwa kuamini kitu, hakuna kinachochinjwa, na maneno yote ya kutakasa yametungwa na ninyi wenyewe. Na kama familia fulani bado haitaki neno thahu litamkwe nyumbani kwao, liite apizo la uchovu, kanuni zibaki zile zile. Uhusiano wako na jirani ni wa kudumu kuliko jina la apizo.

Jambo la mwisho la kiufundi. Kikundi chenye wachezaji wawili tu kitalemewa upesi, kwa sababu mmoja akidhoofika nusu ya nguvu ya safari imeyumba. Hapo weka kikomo cha njahi mbili, na ondoa kanuni ya kuongezeka usiku. Kikundi cha sita kina tatizo la kinyume: mgonjwa anafichika, wenzake watano wanabeba kila kitu. Kwa hao, mpe thahu yule ambaye kazi yake haina mbadala, anayejua njia au anayejua lugha ya watu wa ng'ambo, na upange kikwazo cha kwanza kiwe cha mwili: ukuta wa mwamba, mti uliolala juu ya mto, usiku wa kukesha. Usitoe thahu mbili kwa wakati mmoja mpaka mmeshacheza moja hadi ikatoka. Na njahi mlizotumia, zirudishe jikoni. Zikilowekwa usiku, kesho zinapikika.